UZI: Tuligeuka kilele cha Nkungwe kikiwa dakika 40 mbele. Mnaopanga kupanda Mahale mwezi wa 10 na wa 11 someni hapa

Mwisho_wa_Reli (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni wa Kigoma hapa Mwanga, nimezaliwa hapahapa, na miaka yote hiyo Mahale, ile hifadhi ya milima kando ya Ziwa Tanganyika, nilikuwa naisikia tu kwa wageni wanaoshuka uwanja wa ndege na mabegi makubwa. Mwaka jana tukasema hapana, haiwezekani mtu atoke Japani aje kuona sokwe wa kwetu na mlima wa kwetu sisi tunashinda tunakula migebuka Kibirizi tukiangalia ziwa. Tukajichanga watu wanne, mimi, dada yangu na washkaji wawili, tukaenda wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi. Naandika hii kwa sababu nimeona vijana kwenye magrupu ya WhatsApp wanajipanga kwenda miezi hiihii na hakuna anayeuliza habari ya mvua wala baridi, wanauliza picha zinatoka vizuri wapi.

Kwa asiyejua, Nkungwe (wengine wanaandika Kungwe) ndio kilele kirefu kuliko vyote kwenye ile safu, mita 2,462. Ukisikia hivyo unalinganisha na Kilimanjaro 5,895 unaona ni kilima tu. Sasa piga hesabu. Ziwa lenyewe liko mita kama 773 juu ya usawa wa bahari, na unaanzia ufukweni, kwahiyo unapanda karibu mita 1,700 kwa miguu yako, hifadhi haina barabara ya gari hata moja, na kila mita 100 unazopanda joto linashuka nusu digrii na zaidi kidogo. Ukiacha nyuzi 28 ufukweni ujue juu ni 18 hivi, na hapo ni kukiwa kukavu, hakuna upepo, hakuna mvua. Ukiongeza kulowa, upepo na mvua ni habari nyingine kabisa.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu sijapata kuona. Tulianza saa 1 asubuhi na renja wa hifadhi mwenye bunduki (bila renja hupandi) na wapagazi wawili wa vijiji vya jirani. Chini msitu mnene, unyevunyevu, sokwe unawasikia wanapiga kelele bondeni. Jasho lilitutoka mpaka mshkaji mmoja, nitamwita Fundi maana ni fundi simu, akavua shati akabaki na singlendi. Baadae miti inabadilika, inakuwa mifupi, inaota ndevu za kijani, unakutana na mianzi, halafu ghafla unatokea kwenye nyasi. Tukaweka mahema pembeni ya mgongo wa mlima, simu yangu ilisoma mita 2,000 na ushee. Usiku nyota zote ziko nje. Tukasema kesho ni yetu.

Sasa makosa yetu, nayasema yote.

La kwanza, tulikuwa na siku mbili na nusu tu. Boti tuliyokodi ilikuwa inatufuata siku ya tatu mchana na hela ya kuiongezea siku hatukuwa nayo. La pili, renja usiku ule alisema ikifika saa 5 asubuhi popote tulipo tunageuka, sisi tukaitikia ndio ndio kama watoto wanaitikia mwalimu, hatukuwa tumekubaliana sisi wenyewe. La tatu ni nguo. Fundi alipanda na jinzi na tisheti za pamba, reinikoti lake akaamua kulifunika begi la kamera.

Asubuhi tukachelewa. Chai, picha, stori, tumetoka saa 2 na nusu badala ya saa 12 na nusu. Saa 3 nikaona kilele kimevaa kofia ya wingu jeupe, dogo tu, nikalipiga picha nikiona limependeza. Saa 4 na robo ukungu ukatuingia kutokea chini, naomba muelewe hapo, haukutoka juu, ulipanda kutokea ziwani kama moshi wa jiko. Saa 4:40 ngurumo. Renja akasimama akasema tunarudi. Fundi akagoma, akasema GPS inaonyesha dakika 40 tu tumefika, tumetumia hela yote hii. Dada yangu naye akasema twende. Mimi nilinyamaza, na kile kunyamaza ndio kinaniuma mpaka leo kwa sababu nilishaona hali imeharibika. Renja hakubishana, alichukua begi la Fundi akalivaa yeye akaanza kushuka nalo, tukamfuata.

Hatukumaliza dakika 15 mvua ya mawe ikashuka. Mawe kama karanga, kisha kubwa zaidi, nyasi zikawa kama zimepakwa mawese, kila hatua unateleza. Kambini tumefika saa 7 kasoro, Fundi ameanguka mara sijui ngapi, anatetemeka meno yanagongana. Akaingia hemani na nguo zake mbichi akalala, sisi tukashukuru tumefika tukaanza kuhangaika na turubai. Kama nusu saa hivi dada yangu akaenda kumpa chai akatoka mbio, anasema Fundi anaongea kama mlevi, hawezi kufungua zipu, na hatetemeki tena.

Aliyemuokoa ni mpagazi, mzee mmoja Mtongwe (kabila la wenyeji wa Mahale). Alimvua kila kitu, akamfuta kwa kanga ya dada, akamvisha sweta lake mwenyewe lililokuwa limefungwa kwenye mfuko wa plastiki, tukamuingiza kwenye mabegi mawili ya kulalia, chupa za maji ya moto tukazifunga kwa soksi tukaweka kwapani na kifuani. Alipoweza kumeza tukampa maji ya moto ya sukari nyingi, kidogokidogo. Ilichukua mpaka saa 11 jioni ndio akaanza kutetemeka tena, na mzee akasema kutetemeka ni habari njema.

Siku ya tatu asubuhi anga jeupe, kilele kinang'aa pale juu. Tukashuka.

---

BintiUnyanyembe

Kaka pole sana na asante kwa kuandika kwa uwazi hivi. Nimesoma mara mbili. Sisi tuko watano huku Tabora, tumepanga kuja na treni kisha Mahale wiki ya kwanza ya mwezi wa 11, tumeshaanza kuchanga tangu mwezi wa tano. Sasa umenitia hofu. Tuahirishe au? Na kwanini hali inabadilika haraka hivyo, huku Tabora ukiona wingu la mvua unalo saa nzima la kuanua nguo.

---

Kapteni_Kibirizi

Dada yangu huku ziwani mambo ni tofauti na huko kwenu tambarare. Mimi naendesha boti mwaka wa 19 huu. Jua likipanda ardhi inapata moto haraka kuliko maji, upepo unaanza kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Sehemu nyingine upepo huo unaenda zake, ila Mahale ni ukuta umesimama kando ya maji, hewa yenye unyevu inagonga ukuta, haina pa kwenda, inapanda. Ikipanda inapoa, ikipoa inakuwa wingu. Ndio maana mwanzisha uzi kauona ukungu unatoka chini. Kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, hewa ni kavu kwahiyo hata ikipanda haina kitu. Kuanzia mwisho wa mwezi wa 9 unyevu unaongezeka na ndio hapo mlima unaanza kujitengenezea mvua yake mwenyewe wakati sisi Kigoma mjini jua linawaka.

Usiku inageuka, upepo wa nchi kavu unashuka ziwani, radi zinahamia majini. Ziwa hili kwa wastani lina upana wa kilomita 50 na urefu karibu 670, na kina kinafika mita 1,470, hakuna pa kushika mtu wangu. Ukiona jioni umeme unapiga upande wa Kongo na hewa imetulia ghafla, boti hiyo usipande hata nahodha akisema sawa. Na laifu jaketi ivae, usiikalie.

Kwahiyo kwenye bajeti yenu wekeni siku moja ya ziada ya boti. Najua ni hela. Mimi mwenyewe nimeshabeba wateja waliotoka kwenye tufani milimani wakalazimisha kuvuka siku ileile kwa sababu ya ndege ya kesho yake, nikawakatalia, wakanitukana, tukalala kijijini Buhingu. Asubuhi wakanishukuru.

---

tembea_kwanza

Mnawatisha watu bure. Mimi nilipanda Nkungwe mwezi wa 12 katikati ya msimu wa mvua na jua lilikuwa kali siku zote tatu, kijani kila mahali, mawingu chini yako kama pamba, kiangazi huwezi kuona vile, kiangazi ni moshi wa moto wa nyika tu huoni hata Kongo. Mvua ya Kigoma inapiga saa moja inaacha. Muhimu ni moyo tu.

---

Mwisho_wa_Reli

@tembea_kwanza sikatai kabisa, hewa baada ya mvua inakuwa safi na kiangazi moshi ni kweli upo. Ila ndugu yangu ulipata siku tatu za jua, mimi nikapata moja. Saa moja hiyo unayosema ya mvua ndio iliyotaka kumuondoa mtu. Hatukunyeshewa kutwa, ilikuwa dakika 50 hivi kwa saa yangu.

@BintiUnyanyembe sikwambii uahirishe. Nakwambia uje na siku ya akiba.

---

Sista_wa_Zamu

Mimi ni nesi, Kigoma hapahapa, naomba niongezee upande wa afya maana nimeona watu wanauliza kwenye grupu lingine kama huyo Fundi alipata ugonjwa wa mwinuko (ule wa hewa kuwa nyepesi mlimani). Hapana. Ule kwa kawaida unaanza kusumbua watu kuanzia mita kama 2,500 kwenda juu, Nkungwe haifiki hapo. Alichopata ni mwili kupoa. Mwili wa mtu unakaa kwenye nyuzi 37, ukishuka chini ya 35 tayari ni hatari, na haihitaji barafu kufika hapo. Haihitaji hata baridi kali. Maji yanavuta joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa, ndio maana mtu aliyelowa kwenye nyuzi 12 na upepo unapiga anaweza kufa nchi hiihii ya joto. Sisi watu wa joto ndio tuko hatarini zaidi kwa sababu hatuamini. Nikimwambia mtu wa Ujiji achukue sweta la kwenda Mahale ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Dalili zishikeni kichwani. Mwanzo anatetemeka, hapo bado mwili unajipigania. Halafu mikono inakuwa mizito, zipu haifunguki, kamba za viatu hazifungiki. Anajikwaa. Anaanza kununa, anataka aachwe, anasema hana shida. Maneno yanakuwa mazito. Kutetemeka kukikoma na hajapata joto, hapo ndio penyewe, mwili umeishiwa. Wengine wanafika mahali wanahisi joto wanaanza kuvua nguo.

Yule mzee mpagazi alifanya karibu kila kitu sawasawa kama kasomea. Kumtoa kwenye mvua na upepo, kuvua mbichi, kukausha, kuvisha kavu mpaka kichwani, kumtenga na ardhi (hapo wekeni godoro, majani makavu, mabegi, chochote, ardhi inanyonya joto vibaya sana), joto kifuani na kwapani. Msimsugue mikono na miguu. Msimpeleke kwenye moto mkubwa ghafla. Msimpe pombe, hii najua wengi mnaamini konyagi inaleta joto, inaleta joto kwenye ngozi tu na mwili wa ndani unazidi kupoa. Na kama hajielewi vizuri msimmiminie chai mdomoni, itaingia kwenye mapafu. Chupa za maji ya moto kufungwa soksi ilikuwa busara kubwa, ngozi iliyopoa inaungua bila mwenyewe kuhisi.

Kosa lenu lilikuwa nusu saa ile ya kumuacha alale na mbichi. Samahani kulisema hivyo ila ni kweli.

---

Mwisho_wa_Reli

Hujakosea sista. Ndio ukweli.

---

MjukuuWaNkungwe

Wanangu shikamooni kwa wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ni Mtongwe, wazee wetu waliishi mlemle kabla haijawa hifadhi, ilitangazwa 1985. Nilikuwa kijana mdogo wakati tunasikia habari za Wajapani wa chuo cha Kyoto waliokuja tangu 1965 na yule mtafiti wao Nishida kuwafuata sokwe msituni. Nafurahi mmetaja mlima kwa jina lake. Kwetu Nkungwe ni mahali patakatifu. Naomba vijana mkielekea kule mlielewe hilo, msiende kama mnaenda ufukweni kwenye muziki.

Babu yangu alikuwa hapendi mtu apige kelele kule juu. Nikiwa mdogo nilidhani ni mizimu tu, na heshima ya mizimu sijaiacha, ila nilipokua nikaona na faida yake nyingine, ukinyamaza unasikia. Ndege wa msituni wananyamaza kabla ya mvua. Upepo unabadilika harufu, unasikia harufu ya udongo uliolowa kabla tone halijakugusa, maana yake pale jirani imeshanyesha. Nyani na sokwe wanatafuta pa kujibanza. Mpagazi anayetoka vijiji vile anayaona haya yote anayasoma akitembea, na bahati mbaya wageni wanamfanya ni mtu wa kubeba ndoo tu. Muulizeni. Asubuhi kabla hamjatoka hemani muulizeni "mzee leo unaionaje?" Akikaa kimya muda mrefu kabla hajajibu, mmeshajibiwa.

---

BintiUnyanyembe

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya kukaa kimya nimeielewa sana, bibi yangu alikuwa hivyohivyo.

Sasa swali la utabiri. TMA (mamlaka ya hali ya hewa) naona wanasema mvua za msimu Kigoma zinaanza Novemba, sisi na nyie wote tuko kundi la mvua moja kwa mwaka, Novemba mpaka Aprili. Je nikiangalia utabiri wa siku moja kabla inatosha? Na radi mnafanyaje mkiwa kwenye nyasi juu hakuna pa kujificha?

---

Kapteni_Kibirizi

Ndio ni msimu mmoja, ukiacha kaskazini kule Kakonko na Kibondo wao wamewekwa na watu wa vuli na masika, mvua mara mbili kwa mwaka. Utabiri wa TMA usiuache, mimi sitoki bila kuusikiliza hasa wa ziwa, ila ule unasema habari ya mkoa au ziwa, mlima mmoja mmoja hausemwi. Utabiri ukisema ngurumo maeneo machache, wewe chukulia Mahale ndio eneo hilo chache. Na mtandao kule ni wa kubahatisha, soma kabla hujaondoka Kigoma.

---

Mwisho_wa_Reli

Radi nitajibu mimi maana renja alitufundisha tukiwa tunakimbia, na baadae nikaenda kusoma. Ukiona mwanga anza kuhesabu sekunde mpaka usikie mlio, gawa kwa tatu, hizo ndio kilomita. Sekunde 30 maana yake iko kilomita 10 tu na hapo tayari unatakiwa uwe umeshashuka kwenye mgongo wa mlima, hupaswi kuwa unaanza kushuka. Sisi tulihesabu 9. Kilomita 3. Ukikamatwa wazi usisimame chini ya mti uliojitenga, usilale chali, achaneni nafasi kati ya mtu na mtu ili ikipiga isiwachukue wote, tafuta bonde dogo uchuchumae miguu pamoja juu ya begi. Fimbo za chuma weka mbali. Baada ya mlio wa mwisho subiri nusu saa ndio uendelee. Hiyo ya kuachana nafasi ndio ngumu kuliko zote kwa sababu mkiogopa mnataka kushikana. Dada yangu alinishika mkono mpaka kucha zikaingia, nikamtoa kwa nguvu, alilia.

Na jambo la saa. Kigoma tuko magharibi kabisa ila saa ni moja na ya Dar, kwahiyo mwisho wa mwezi wa 10 jua linachomoza kama saa 12:40 na kuzama kama saa 12:50. Mtu wa Dar anapanga kuanza saa 12 anakuta bado giza, halafu anadhani ameongezewa jioni. Hujaongezewa kitu. Mvua haifuati saa yako, inafuata jua, na msituni giza linaingia mapema kuliko nje. Kwahiyo muwe mmeshakunywa chai gizani, kukipambazuka mnaweka mguu njiani.

Nguo: mtumba wa Mwanga sokoni unapata majaketi mazuri ya nailoni na masweta yale ya manyoya mepesi kwa bei ya kawaida kabisa. Jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki na inakuwa nzito kama mtu kakukalia mapajani. Seti moja kavu kamili, soksi mpaka kofia, funga kwenye mfuko wa plastiki, halafu mfuko mwingine, na hiyo seti ni ya kambini tu, usiivae njiani hata ukitamani vipi.

---

tembea_kwanza

Mkuu nimerudi kusoma upya maelezo ya nesi. Ile safari yangu ya mwezi wa 12 kuna jamaa mmoja tulimcheka jioni alikuwa anashindwa kufungua kopo la maharage, ananuna, anasema tumuache alale. Tulisema kachoka. Nimekaa hapa namfikiria. Naondoa kauli yangu ya moyo tu.

---

Sista_wa_Zamu

Asante kaka kwa kusema. Wengi wanapona kwa bahati na hawajui kama walikuwa wanakufa.

---

BintiUnyanyembe

Tumekaa kikao jana. Tumekubaliana tunakuja, siku ya akiba moja tumeilipia, mmoja wetu kajitoa kwa ajili ya hela na tumemuelewa. Na tumeandikiana kabisa kwenye karatasi, saa 5 kasoro robo asubuhi popote tulipo tunageuka, na mtu mmoja tu akisema tugeuke kabla ya hapo hakuna kura, tunageuka. Mwanzisha uzi, una jaketi la kuazimisha? Mimi mrefu, huku Tabora nimekosa saizi.

---

Mwisho_wa_Reli

Ninalo la bluu, chukua. Njoo inbox nikuelekeze pa kulipata ukishuka stesheni. Mzee mpagazi nimeshampigia, yupo.

---

BintiUnyanyembe

Wakuu tumerudi salama, naandika nikiwa Kigoma nasubiri treni.

Siku ya pili tulipotaka kwenda kileleni tuliamka saa 11, chai tumekunywa gizani, tumetoka mahemani tunamkuta mzee kasimama anaangalia ziwani. Nikamuuliza "mzee wangu leo unaionaje?" Akakaa kimya. Nikahesabu moyoni, kimya kirefu kabisa. Kisha akasema ukungu umelala vibaya. Anga lilikuwa zuri juu yetu, nyota chache bado zipo! Mwenzetu mmoja machozi yakamlengalenga. Tukarudi kulala. Saa 3 na nusu asubuhi tu mvua ikaanza, na radi, ikapiga mpaka saa 8 mchana, tumejibana hema moja watu wanne tunakula dagaa wakavu na mikate. Nilikuwa nawaza kama tungekuwa kwenye nyasi saa ile. Sijui.

Siku ya akiba mzee alijibu kabla sijamaliza swali. Tumetoka saa 12 na nusu, kileleni saa 3:50. Hewa imeoshwa, Kongo unaiona milima yake yote ng'ambo, ziwa limetulia kama kioo cheusi, na chini yetu msitu unafuka mvuke. Nilijua nitapiga kelele ya furaha ila nilimkumbuka MjukuuWaNkungwe nikanyamaza, wote tulinyamaza, hata renja. Mzee alikaa pembeni peke yake ameinamisha kichwa, sikumuuliza anafanya nini. Tulikaa dakika 20 hivi. Wingu la kwanza likaanza kupanda kutokea chini pale kwenye kona ya ufukwe, dogo, jeupe, zuri kweli kama ulivyosema, hakuna aliyelipiga picha, kila mtu alivaa begi lake.

Mvua ya siku ile ilitukuta msituni saa 8, tumelowa sana ila tunacheka, na usiku wote tulikuwa na nguo kavu.

Fundi mwambieni nimemuwekea jiwe dogo pale juu kwa jina lake. Halafu @Mwisho_wa_Reli jaketi nimelifua, limekauka, nimemuachia yule mama wa maandazi karibu na geti la stesheni, mfukoni kuna asali ya Tabora chupa moja, usiipindue kifuniko hakikazi vizuri.

---

Mwisho_wa_Reli

Nimelipata leo asubuhi, na asali iko salama. Fundi nimemsomea hii post yako akiwa kwenye banda lake la simu, aliweka bisibisi chini akaniuliza mwezi wa sita boti inachukua watu wangapi. @Kapteni_Kibirizi tuandikie watano, na siku moja ya akiba juu yake.